Ulimi wa Kiatu

Panda tuliikata kwenye mpera wa Mama Nzigire,
kwa ruhusa yake, baada ya Hangi kumchotea maji siku tatu.
Mpira ulitoka ndani ya tairi la baiskeli
iliyokufa kwa viraka, si kwa safari.
Na ngozi ya kushika jiwe: ulimi wa kiatu changu.
Muhula mzima nilikwenda shule
na kiatu bubu, kikipiga miayo katikati ya kamba.

Lakini manati si kazi.
Mtoto yeyote wa Ndosho huifunga gizani, kwa meno.
Kazi ni shabaha.

Goma mawe ni mengi kuliko viazi.
Tumeyajengea kuta, tunayakanyaga, yanatutafuna visigino,
ila jiwe la volkano halikufundishwa kuruka:
lina matundu kama mkate, lina makucha,
unalituma mbele, linapitia kwanza kwa jirani.
Ndipo Kahindo akamwagiza shangazi yake wa Masisi
udongo mwekundu. Ukaja juu ya chukudu,
umefungwa kwa jani la mgomba, chini ya kabichi.
Tukaubiringisha viganjani,
gololi mia moja na tisa,
tukazianika kwenye bati kando ya sambaza za bibi.
Mia moja na nane, baadaye. Moja ilikaangwa.

Kisha sanduku la kuzidaka zisipotee:
mbao za chukudu iliyovunjika shingo,
beseni chini, na ndani blanketi kuukuu.
Mimi nikalivuta likaze kama ngoma.
Hangi akalilegeza.
«Nguo iliyokazwa hurudisha,» alisema,
«nguo iliyolegea hupokea.»
Mbele tukaning'iniza makopo matatu ya nyanya
kwa spoku za ile ile baiskeli.

Kahindo akahesabu hatua kumi na tano.
Akavuta hadi sikioni.
Pa!
Akavuta tena.
Pa! Pa!

Tulipogeuka kushangilia, mtaa ulikuwa umefungwa.
Mlango wa Mama Nzigire, komeo.
Redio ya fundi Bauma ikisema peke yake,
fundi mwenyewe yuko chini ya meza ya cherehani.
Na mjukuu wake, miaka mitatu haijatimia,
amelala kifudifudi juu ya mawe,
mikono kisogoni.
Hakulia. Hakuna aliyemwambia alale.

Hakuna aliyetukaripia pia.
Tuliyashusha makopo, moja moja, tukiyashika
yasigusane.

Jioni nne tukatafuta kitu cha kupigwa
kisichofanana na kitu kingine.
Kibuyu kilipasuka. Kandambili ililia kama kofi.
Gunzi halikusema lolote,
na shabaha isiyojibu ni sawa na kumwandikia marehemu.

Hangi ndiye aliyerudi kwenye mzoga wa baiskeli,
akafungua kengele, akaisugua kutu kwa majivu.

Nguo sasa hupokea makosa: puu.
Kengele hupokea yaliyobaki.
Mjukuu wa fundi huokota gololi kwenye beseni
na kuzihesabu anavyojua: moja, mbili, tano, mbili.
Na kukiwa puu, puu, puu kwa muda mrefu,
sauti hutoka jikoni kwa Mama Nzigire,
juu ya mvuke wa sombe:
«Kahindo! Leo umelala?»