Pembe Iliyokatwa

Nilipewa futikamba, penseli mbili na fomu ya halmashauri.
Pima jengo lote, chumba kwa chumba.
Hawakusema kwa nini. Tabora nzima inajua kwa nini.

Nilianzia kwenye kona, kwa kuwa jengo lenyewe huanzia hapo.
Barabara mbili zinakuja kana kwamba zitagongana,
na fundi, badala ya kuzielekezea ncha,
ameikata pembe kama ukatavyo kichwa cha muhogo,
akatia mlango palepale penye jeraha,
vidato vinne,
mlango unaotazama huku na kule
kama mwenye duka asiyetaka kupitwa na senti.

Itale tupu, kutoka msingini hadi ukingo wa paa.
Asubuhi lina rangi ya majivu yaliyopoa;
saa saba linatoa chembe zinazochoma jicho;
mvua ikilipiga, ni mgongo wa kanga wa porini,
weusi wenye vitone.

"Hawakulipasua kwa nguvu," alisema Misigalo,
guu kwenye kanyagio la cherehani, macho kwenye pindo.
"Waliwasha kuni za mtundu juu ya mwamba, usiku kucha,
alfajiri wakaumwagia maji ya kisima.
Mwamba ukapiga yowe, ukajigawa wenyewe."
Nani kakwambia?
"Mimi nashona suruali.
Anayesubiri suruali hana pa kupeleka mdomo wake."

Unene wa ukuta: inchi ishirini na mbili.
Nikarudia. Ishirini na mbili.
Ndani, kwa Kalunde muuza asali, Oktoba haijafika:
nta imekaa kwenye ndoo, imetulia, haitoki jasho,
ilhali nje lami inang'ang'ania ndara.
"Umeme ukikatika," aliniambia, "mimi huambiwa na majirani."

Kwa Hilali, baiskeli zinaning'inia vipandevipande.
Juu ya mlango wake kuna tao la mawe tisa,
yamebanana bila saruji, kila moja linamwogopa mwenzake.
Lile la katikati likitoka
yale manane yatakumbuka kwamba ni mawe.

Duka la tatu limefungwa.
Jina la Alarakhia limevimba kwenye lipu,
na chini yake mwaka uliobanduka tarakimu ya mwisho:
elfu moja mia tisa thelathini na ngapi?
Jengo limeamua kutotaja umri.
Ukingo wa dirisha umebonyea kama kiganja kinachopokea;
kila jioni wachoma mishikaki hunolea visu hapo.
Fomu ina safu ya Kasoro. Niliandika. Nikafuta.

Upande wa nyuma ndipo hesabu zilipokataa.
Ukuta umepinda shubiri nzima.
Nikamlaumu fundi, nikajilaumu, nikailaumu futikamba,
hadi nilipochutama nikafagia majani makavu kwa mkono:
mwamba wenyewe, ule usiowahi kuchomwa wala kumwagiwa,
unachomoza kutoka ardhini,
na wajenzi wakaupisha, kisha wakaukalia,
jiwe juu ya jiwe, hata jicho halitambui
palipoishia lililozaliwa
na palipoanzia lililojengwa.

Kimo cha jengo kutoka chini:
hapo nimeacha wazi.

Nilipokuwa nakunja vitu vyangu, Kalunde alinipa
kipande cha sega juu ya karatasi ya gazeti.
Sikuwa na pa kunawia.
Futikamba sasa inanata kwenye futi ya tisa,
na kila ninachopima tangu siku ile
hukawia kidogo hapo.