Miwani ya Kuazima

Hakuna mkataba ulioitaja ile miwani.
Lamzira aliinunua kwa lari zake mwenyewe
sokoni Kutaisi, fremu ya plastiki,
mguu mmoja umefungwa uzi,
akaitia katika droo ya kaunta ya tatu
kwa ajili ya wazee wa pensheni
wanaofika wamesahau macho nyumbani.

"Vaa, mama. Usome unachotia sahihi."
Na foleni ikasubiri, wala hakuna aliyenuna.

Huyohuyo ndiye aliyebaki nami usiku ule wa Machi
hesabu ilipopelea lari arobaini na mbili.
Tulihesabu hadi vidole vikanuka shaba,
basi la mwisho likajiendea.
Sikumwomba. Alivua koti tu, akaketi.

Kisha yakaja malengo.
Kadi kumi kwa wiki, bima sita, mikopo sijui mingapi,
majina yetu ukutani kwa rangi,
na simu ya Zurabi saa nne usiku
kuuliza wekundu wako utapona lini.

Msongo haukupitia mlango mkuu.
Ulianzia kwenye birika: hakuna aliyemchemshia mwenzake.
Karatasi zikikwama mashineni
kila mtu akapita kama apitaye kando ya deni.
Kijana mgeni, Ucha, akauliza hundi hufutwaje,
akaambiwa: soma mwongozo.
Ni mimi niliyemwambia.

Hatukugoma. Hatukuiba hata pini.
Tulicholipwa tulikifanya chote,
na ripoti ya mwaka haikuona kilichopungua,
maana hakikuwahi kuandikwa.

Jana bibi Tsisana, koti likichuruzika mvua,
alipenyeza kiganja chini ya kioo
kama mtu ajuaye kitakachowekwa humo.
Lamzira alikitazama kile kiganja.
Akasukuma fomu.
"Hapa. Na hapa."
Bibi akaandika kwa kupapasa,
jina likateremka nje ya mstari,
akashukuru.

Jioni nilifungua ile droo nikitafuta stapla.
Miwani imo, uzi umelegea.
Nikaufunga upya, mafundo mawili,
nikaivaa, sijui kwa nini.
Jina langu ukutani likanijia puani,
kubwa, jekundu, limetuna kama jipu.

Nikaivua haraka.
Lakini sikuirudisha drooni.
Iko kaunta ya nne, karibu na kalamu ya kamba,
na sijamwambia mtu.