Matambara ya Batley

Gazeti lilisema: risasi moja, Sarajevo,
kisha wafalme wakavutana mikono hadi shimoni.
Hester Oldroyd hakubisha. Alikuwa kazini,
ghala la matambara, Batley, vumbi hadi kopeni,
akichambua makoti ya vita vilivyopita,
buluu ya Wafaransa, kijivu cha Wajerumani,
yasagwe, yasokotwe, yafumwe upya.
Husemwa moto huzaa majivu.
Hapa majivu ndiyo yaliyozaa moto.

Mwaka wa kumi na tano rangi ikawa moja: kaki.
Yaliyokwenda mazima yakarudi na matundu,
tope la Flanders limekauka mikunjoni,
mfukoni mara biskuti, mara barua isiyo na mwisho.
Alikata vifungo. Hakusoma.

Hadi kiwiko kimoja, kiraka, uzi mwekundu:
mshono wake mwenyewe,
aliomshonea Amos alipokuja likizo, kaki ilipomwishia.

Aliufumua uzi, akaufunga kidoleni.
Koti akaitupia mashine.

Novemba kengele zikalia, watu wakacheza barabarani.
Hester akauliza tu, "Oda ya kaki imefutwa?"
Karani akapekua daftari.
"Imeahirishwa."