Bosi

Saa mbili kasoro, Gerezani, lami haijapata moto,
nimeshaitwa bosi mara sita.
Muuza kahawa aliyekosa chenji: bosi, nitakuletea.
Mgambo aliyeitaka chenji hiyohiyo: bosi, tunafanyaje?
Kijana wa vocha, fundi makufuli, dalali wa vyumba,
na mmoja aliyekuwa anaulizia choo tu.

Mimi nauza bawaba, vitasa, misumari ya inchi nne kwa kilo.
Banda la mtu. Stuli ya jirani.
Bosi wa nani?

Jana usiku Sikudhani, mwanangu, kidato cha tatu,
kalala kifudifudi juu ya kamusi ya kuazima,
mwanga wa simu unamlamba pua.
"Mama, bosi katoka Uholanzi."
"Pasi ya kusafiria anayo?"
Akanuna. Kisha akashindwa kujizuia:
kwao lilikuwa baas, mama, yaani bwana.
Likavuka maji mpaka Marekani,
na huko vibarua weupe, walio huru,
hawakutaka kumwambia mtu "bwana wangu";
hilo la watumwa, walisema.
Wakaliokota la Kiholanzi,
likawakaa vizuri mdomoni.

Na mwenye shamba? nikamuuliza.
Yuleyule.
Na jembe?
Mama, kamusi haijaandika jembe.

Nikazima taa. Usingizi ukagoma.
Nilikuwa namuwaza Mbilinyi, mwenye banda:
miaka minane ananiita Tabu. Tabu, kodi. Tabu, fagia mbele yako.
Siku aliyokuja kupandisha kodi
alibeba soda mbili za baridi,
akaifuta stuli kwa leso yake mwenyewe,
akasema, "Bosi wangu,"
nami nikajua nimekwisha
kabla hajafungua kizibo.

Leo jioni mvua imeuchimba mtaa.
Pazi na mkokoteni wa mabati,
tairi moja limezama hadi kwenye ekseli,
nyuma honi zinamtukana.
"Bosi, nishikie huku!"
Nikajifunga khanga, nikasukuma,
tope likaruka mpaka kwenye ushungi.
Ulipochomoka akageuka, anahema, meno yote nje.
"Shukrani, bosi."
"Poa, bosi."

Mkokoteni wa kukodi.
Mabati ya Mbilinyi.