Pini za Nyuma

Thuwaiba kaja na ukurasa umekunjwa mara nne,
kautoa kwenye pochi kama anayetoa cheti cha hospitali,
kauweka juu ya cherehani, kaulainisha kwa kiganja.
"Nataka hivi," kasema.
Nikauliza, gauni?
Akanyamaza.
Nje Wete inanuka karafuu mbichi, zimeanikwa mpaka ukingoni mwa lami,
na mbuzi wa jirani anafukuzwa kwa kandambili.

Naujua ukurasa ule. Si wenyewe, dada yake.
Nilikuwa na miaka kumi na minne, saluni ya Bi Zuwena,
nasubiri kusukwa kwa harusi ya binamu yangu wa Konde.
Majarida yalikuja na meli kutoka Dar,
ya mwaka juzi, hayana majalada,
na bado yalijidai kunijua kuliko mama.
Yaliniuliza maswali kumi, nikajibu kwa kalamu ya kuazima:
Mapaja yako yanagusana?
Kwapa lako lina rangi gani?
Nikajumlisha. Kumi na moja kwa arubaini.
Chini pameandikwa: Usikate tamaa, shoga.

Mie nilikuwa sijakata.

Nikafunua. Dalili saba za shingo iliyozeeka.
Wallahi sikujua kama shingo ina umri wake,
nikidhani tumezaliwa siku moja.
Na ukurasa wa kulia, krimu ya shingo, kifuniko cha dhahabu.
Aliyenichoma mwiba ndiye huyo huyo muuza kibano,
wala hakuona haya kuvipanga bega kwa bega.

Palikuwa na picha mbili, Kabla na Baada.
Baada simkumbuki.
Kabla alikuwa mama yangu:
paji lile lile, weusi ule ule chini ya macho.
Nilirudi nyumbani nikamkuta jamvini anachambua karafuu,
vidole vimeingia kahawia,
anacheka na kitu redioni,
hajui kama yeye ni Kabla.
Usiku ule nilikataa wali wake. Nilisingizia tumbo.

Sasa nina futi shingoni mwaka wa ishirini na moja.
Mwalimu Salha, bega la kushoto limeshuka kidole kizima,
ndoo za utoto hizo.
Mke wa daktari huzuia pumzi nikimpima, mpaka macho yanamtoka;
namwambia, pumua, mama, nguo nayo itakwenda kula biriani.
Sijapata kupima mwili uliolingana pande zote mbili.
Hata titi na titi ni ndugu wa baba mmoja tu.

Basi nikamvuta Thuwaiba kwenye mwanga wa mlango.
Tazama hapa, nikamwambia, chini ya kwapa,
kitambaa kimekazwa.
Mshono wa kiunoni haufuati mbavu, unakimbilia mgongoni.
Hiyo ni pini.
Nyuma kule kuna pini, pengine sita,
pengine na vibanio vya kuanikia nguo.
Gauni halikumkaa hata yeye.
Ndo maana hageuki.

Thuwaiba akacheka, mpaka akashika meza.
Kisha akaacha. Akauliza kwa sauti ya chini,
"Na shingo yake je? Nayo ina pini?"

Mimi fundi wa nguo.
Nikampima, nikaandika daftarini, sikumsomea nambari.

Ukurasa kaniachia. Nimeukatia patroni ya kola;
jicho moja limebaki sakafuni kwenye vipande, linanitazama nikifagia.
Kabla ya kufunga nikasimama mbele ya kioo cha wateja,
nikasogeza ushungi.
Bibi yangu mistari hii aliiita pingili,
na alikuwa akimwombea dua kila mjukuu azipate.
Nikahesabu. Tatu.
Nikahesabu tena, labda nimekosea.