Mfasiri Alinyamaza

Birere, ukumbi wa mabati,
faranga mia tano mlangoni.
Katuni ya Wajapani. Sisi tulitaka ngumi.

Mtoto yuko jikoni, peke yake.
Anaosha mabakuli mawili,
moja analifuta, analirudisha mezani
mahali pa mama.

Muhindo, mfasiri wetu asiyeishiwa maneno,
anayewatukanisha hata farasi,
alishika maikrofoni, akaguna,
akaizima.

Mvua ya kuchorwa ikanyesha bila haraka.
Nje jenereta likakohoa.

Kavugho akanibana kiwiko:
“Hawa waliochora, nani aliwaambia
habari ya sahani yetu juu ya kabati
tangu usiku wa volkano?”

Sikumjibu. Tulikanyaga mawe meusi hadi nyumbani.
Wote walipolala nikapanda kiti, nikaishusha
niioshe.

Haikuwa na vumbi.