Masale ya Chumba cha Seva

Chumba kilikuwa stoo ya magunia.
Ukivuta pumzi kwa nguvu bado unaipata kahawa mbichi
chini ya harufu ya vumbi lililopata moto.
Mashine saba zilinguruma humo:
ya mizani, ya mishahara, ya madeni ya pembejeo,
nyingine siwachoshi,
na ya saba, iliyoachwa na mradi uliokwisha,
hakuna aliyejua inafanya nini
wala aliyethubutu kuizima.

Februari, saa nane mchana, umeme ulirudi kwa kishindo
na ile ya madeni ikafuka.
"Moshi ndani ya Moshi," alisema mlinzi Ndelilio,
akacheka peke yake.

Nikapewa wiki mbili nitafute programu
ya kuzitia saba ndani ya mbili.
Nikaandika ripoti: mashine pepe.
Mhasibu, Bwana Lyatuu, akaisoma, akavua miwani.
"Seva zina pepo?"
Pepe, nikasema. Si pepo.
"Pepe ni punje isiyo na kiini.
Mama yangu alilima mpunga Mabogini,
pepe tulizipepeta zikaenda na upepo.
Wewe unataka tutie humo
madeni ya wakulima elfu nne?"

Nilikuwa na jedwali lenye rangi.
Kamati ililitazama kama menyu ya hoteli
ambayo hawatakula.

Nikaliweka chini.
Nikawaambia: mnajua kihamba.
Ardhi ni moja, mfereji ni mmoja,
baba anapanda masale, na kila mtoto
analala akidhani ana dunia yake.
Mbuzi wa huyu hali ndizi za yule.
Programu ninayotafuta ndiyo masale.
(Nayajua masale. Nilishika kamba
baba alipowapimia kaka zangu watatu.
Nilishika vizuri, haikulegea.
Sikuulizwa mimi nitasimama wapi.)

Wakaelewa haraka mno, maswali yakaniangukia.
Ya kwanza ina jina kubwa,
lakini mwaka huu bei imepanda mara tatu
na wanatoza kwa kila kiini cha prosesa.
Bwana Lyatuu akaruka:
"Pepe haina kiini, halafu tulipie viini?"
Hata meneja alicheka.
Na tusipolipa mwakani, akauliza mjumbe wa Kibosho,
wanakuja kung'oa masale?
Si hivyo hasa, nikasema. Kisha nikasema: karibu hivyo.

Ya pili ilitufuata na kompyuta tulizonunua,
kama kijiko ndani ya kopo la maziwa.
Ingetutosha. Sikuipenda,
na sababu zangu hazikujaa mstari mmoja.

Ya tatu ni huria. Haina bei.
Ukumbi ukanyamaza; kitu cha bure Uchagani
hukaguliwa meno.
"Saa sita usiku ikigoma, tunampigia nani?"
Mimi.
"Na wewe ukipata kazi Dodoma?"

Swali hilo nilikwenda nalo nyumbani Rau,
nikalala nalo, nikaamka nalo.
Asubuhi nikarudi na sharti:
hela ya leseni imsomeshe Elirehema wa mapokezi,
ambaye hutengeneza printa bila kutumwa.
Akijua yeye, nitakuwa huru kuondoka.
Akijua yeye, pengine sitaondoka.

Jumamosi usiku tulihamisha.
Bwana Lyatuu alikuja na koti la mvua na chupa ya chai.
Nikamwambia: ng'oa waya huo.
"Huu?"
Huo.
Aliushika kama mkia wa nyoka, akavuta.
Mashine moja ikazimika kweli, taa zote,
na kwenye skrini ya Elirehema madeni yakayumba,
yakahesabu pumzi ishirini, thelathini,
yakainuka upande wa pili
na shilingi zake zote.
Bwana Lyatuu alizihesabu mara mbili.

Ya saba pia tuliihamisha.
Hadi leo hatujui inafanya nini.
Elirehema alitaka tuiache nje, inakula nafasi.
Nikamkatalia.
Ina kipande chake sasa, kidogo, pembeni,
na masale nimeipandia mwenyewe.